Mwani kabla ya kahawa: jina la mti wa Buhaya na majina yaliyoufunika

Na Mwandishi Wetu, Nshamba

Zifikapo siku za mavuno, ambazo katika nyanda za Ihangiro huanza aghalabu mwezi wa Mei na kuendelea kwa miezi kadhaa, nyua za Nshamba hutandazwa mikeka na maturubai, na juu yake humwagwa matunda mekundu ambayo jua la siku nyingi huyageuza kuwa meusi, magumu, yenye kulia ndani ya ganda yanapotikiswa mkononi. Kisha hutiwa katika magunia, hupakiwa juu ya baiskeli au pikipiki, na kupelekwa katika ghala la chama cha msingi, ambako mizani inangoja.

Hapo ghalani gunia moja huitwa majina mengi kwa muda mfupi. Karani huandika katika stakabadhi kwamba ni Robusta ya maganda. Bango la juu ya mlango husema kahawa. Mtoto aliyefuatana na mama yake amefundishwa darasani kwamba mti uzaao matunda hayo ni mbuni, na tunda lake ni buni. Na mama mwenyewe, akigeuka kumwambia jirani yake habari za uzito na bei, hutamka neno ambalo halimo katika stakabadhi, wala katika bango, wala katika kitabu cha shule. Yeye husema mwani.

Mtu wa pwani akilisikia neno hilo kwa mara ya kwanza atadhani kwamba habari imeruka kutoka mlimani mpaka baharini, kwa sababu kwake mwani ni majani yaotayo majini, yale ambayo wanawake wa Paje na Jambiani huyafunga kwenye kamba na kuyavuna maji yakitoka. Maneno haya mawili hayana nasaba. Yamekutana kwa sauti tu, na kukutana huko, kama tutakavyoona, kumekuwa hoja kubwa katika ubishi wa leo juu ya jina lipi lipewe zao la Kagera.

Swali ambalo makala hii imetumwa kulichunguza ni hili: katika majina hayo, lipi lililokuwapo hapa kwanza, mengine yalifika kwa njia gani, na wakulima wa Muleba na Bukoba wana haki gani ya kudai kwamba jina lao nalo liandikwe.

Neno lisilotoka ng'ambo

Ushahidi wa kwanza wa umri wa neno ni majirani zake. Mhaya husema mwani, na kwa mapenzi au kwa udogo wa punje husema akamwani. Mnyankore wa ng'ambo ya mpaka husema emwani. Mganda husema emmwanyi. Hizi ni lugha za jamaa moja zilizoachana zamani sana, na kila moja imelitunza neno kwa kulifuatisha matamshi yake, kama litunzwavyo jina la babu katika koo zilizohama. Neno lililoletwa juzi na msafara mmoja halipati wasaa wa kutanda namna hiyo.

Sasa mtu na asafiri mwendo mfupi kuelekea magharibi, aingie Rwanda na Burundi, aulize mti huo unaitwaje. Atajibiwa ikawa. Huko mti ulipandwa na wageni, mapadre na serikali za kikoloni, na jina likafuatana na mche katika kikapu kimoja. Kilimanjaro nako, ambako miche ililetwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu katika karne ya 19, jina lililoenea ni kahawa. Kanuni inayojitokeza ni nyepesi kuifahamu: mahali mti ulipofika na mgeni, mgeni aliupa jina, mahali alipoukuta, alikuta na jina lake.

> Mahali mti ulipofika na mgeni, mgeni aliupa jina. Mahali alipoukuta, alikuta na jina lake.

Wapo wapendao kulitafutia neno mwani asili ya karibu, na masikio huwavuta kwenye munywani, yaani rafiki, kwa kuwa punje hizi zilikuwa alama ya urafiki. Rai hiyo inapendeza, lakini haisimami. Munywani limezaliwa na kitendo cha kunywa, na sauti yake ya kwanza ya shina ni ile ya kunywa, ambayo mwani haina. Wengine hulihusisha na mwana. Hapo napo sarufi inakataa: katika mwana, m ni kiambishi, nacho huanguka tusemapo akana, mtoto mdogo, katika mwani, m ni ya shina, nayo haianguki, ndiyo maana tunasema akamwani na hatusemi akani. Neno hili linasimama kwa miguu yake, na lina haki ya kuchukuliwa kuwa la kale katika nchi za maziwa makuu.

Punje mbili ndani ya ganda moja

Kulifahamu jina sharti tukifahamu kitu kilichoitwa kwa jina hilo, na hapa ndipo waandishi wengi wa habari za kahawa hukosea njia, kwa kudhani kwamba mwani ni kinywaji kilichochelewa kugunduliwa. Wahaya hawakunywa mwani. Waliutafuna.

Matunda yalichumwa kabla hayajaiva sana, yakachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, yakaanikwa mpaka yakakauka kabisa, kisha yakahifadhiwa kwa ajili ya wageni, safari na ibada. Mgeni aliyeingia katika mushonge, nyumba ya jadi ya Wahaya, alikaribishwa kwa punje hizo kabla ya maneno, naye akizikataa alikuwa amekataa zaidi ya chakula. Desturi hiyo haikufa: hata leo katika stendi ya mabasi ya Bukoba na katika magulio ya Muleba, akamwani huuzwa katika vifurushi vidogo vilivyofungwa kwa maganda ya mgomba, na msafiri hukinunua kifurushi kimoja ili akitafune njiani.

Heshima kuu ya mwani ilikuwa katika mukago, udugu wa damu. Tunda moja la mti huu hubeba punje mbili zilizolazana uso kwa uso ndani ya ganda moja, na wawili waliotaka kuwa ndugu walizitenga punje hizo, kila mmoja akaipaka yake damu ya mwili wake, kisha wakabadilishana na kumeza. Tangu hapo jamaa ya huyu ilikuwa jamaa ya yule, na kumdhulumu mwenzako ilikuwa sawa na kujidhulumu mwenyewe. Hakuna kinywaji katika kisa hicho, wala finjani, wala moto wa kukaangia. Kuna tunda na ahadi.

Mti wenye kazi tukufu kama hiyo haukuachwa upandwe na kila apendaye. Katika falme za Buhaya, Ihangiro ikiwa mojawapo, upandaji wa mwani ulikuwa chini ya himaya ya Bakama, yaani wafalme, na mazao yake yalikuwa sehemu ya kodi na taazima iliyopelekwa ikulu. Kibanja cha mtu wa kawaida kilijaa migomba. Mwani ulikuwa miti michache, iliyohesabika, iliyojulikana mwenyewe ni nani na idhini ilitoka wapi.

Wakati huohuo, upande wa pili

Tuuache mwani penye kivuli cha migomba, tuvuke mpaka Yemeni, maana jina kahawa lina safari yake, na ni safari ya mti mwingine.

Wanachuoni wa Kiarabu wanatufahamisha kwamba neno qahwa lilikuwapo kabla ya kinywaji hiki, nalo lilikuwa mojawapo ya majina ya mvinyo, kwa maana ya kitu kimpunguziacho mtu hamu ya kula. Katika karne ya 15 masufi wa Yemeni, waliotafuta kitu cha kuwakesheza katika dhikri za usiku, walianza kunywa maji yaliyopikwa kwa punje zilizotoka Uhabeshi, na jina la kinywaji kilichoharamishwa likahamia kwenye kinywaji kipya. Uhamisho huo haukuwa na amani: mwaka 1511 Khair Beg, aliyekuwa na mamlaka Makka, alikipiga marufuku, na ubishi wa halali na haramu ukaendelea miaka mingi baadaye.

Iko riwaya mashuhuri isemayo kwamba kahawa ni jina la Kaffa, ufalme wa kusini-magharibi mwa Uhabeshi ambako mti huota porini. Riwaya hiyo imerudiwa katika vitabu vingi hata ikawa kama kweli. Lakini watu wa Kaffa wenyewe huuita mti wao buno. Waoromo na Waamhara husema buna. Na Waarabu walipoipokea punje waliipokea kwa jina hilohilo, wakaiita bunn. Ingekuwa ajabu nchi itoe jina lake kwa kitu ambacho yenyewe inakiita vingine. Kwa rai ya mwandishi huyu, hoja ya mvinyo ina nguvu zaidi.

Kiswahili kiliyapokea maneno yote mawili, tena kwa uangalifu wa kupendeza. Buni ikabaki kuwa punje, mbuni ukawa mti, kahawa ikawa kinywaji, na mahali pa kukinywea pakawa mkahawa. Pwani ya Lamu, Mombasa na Unguja ikajenga juu ya maneno hayo maisha kamili ya barazani, kwa mdila wa shaba uliowekwa juu ya makaa, finjani zisizo na mkono, tangawizi, kashata, na mazungumzo yasiyo na haraka baada ya Isha.

> Kahawa lilikuwa jina la kitu kinywewacho. Mwani lilikuwa jina la kitu kitafunwacho. Na miti yenyewe ni miwili.

Njia ya Kafuro

Majina haya yalikutana katika karne ya 19, wakati wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili, waliotoka Bagamoyo na kupita Tabora wakifuata pembe za ndovu, walipoweka kituo Kafuro katika ufalme wa Karagwe. Huko waliwakuta watu wenye punje mfano wa zile walizozijua, lakini hawazikaangi, hawazisagi, wala hawazinywi.

Habari hizo ziliandikwa mapema. Richard Burton, aliyekaa na Waarabu wa Kazeh, yaani Tabora, na kuchapisha kitabu chake mwaka 1860, alisikia kwao juu ya kahawa ya Karagwe ambayo wenyeji huitafuna. Na John Hanning Speke, aliyefika Karagwe kwa Omukama Rumanyika mwishoni mwa 1861, aliyapita maeneo ambako utafunaji huo ulikuwa jambo la kila siku.

Lililotendeka Kafuro lilikuwa dogo kwa umbo na kubwa kwa athari. Mtu wa msafara alitazama punje ya mwani, akaiona inafanana na buni yake, akaiita kahawa. Hakukosea kwa jicho. Lakini buni ya Yemeni ni mti ambao wataalamu huuita Coffea arabica, na mwani wa Buhaya ni Coffea canephora, mti mwingine wenye majani mapana zaidi, punje ya mviringo zaidi, na ustahimilivu wa joto na maradhi ambao ule wa kwanza hauna. Jina la mti mmoja liliwekwa juu ya mti wa pili kwa ajili ya mfano wa sura.

Na elimu ya leo imeongeza jambo ambalo lingewashangaza wote wawili, mwenye msafara na mwenye kibanja. Uchunguzi wa chembe za urithi umethibitisha kwamba arabica ulizaliwa kwa kuchanganyika kwa miti miwili, mmoja ukiwa Coffea eugenioides na wa pili ukiwa huo canephora. Kwa nasaba, jamii ambayo mwani ni mmojawapo ni mzazi, na ile iliyouazima jina lake ni mtoto.

> Kwa nasaba, mwani ni wa upande wa mzazi, na kahawa ya Yemeni ni mtoto.

Majina ya maabara na ya soko

Wazungu nao walikuja na elimu yao ya kuipa mimea majina, na elimu hiyo haikuwauliza wenyeji. Linnaeus wa Uswidi aliandika arabica mwaka 1753 kwa kudhani kwamba asili ya mti ni Arabuni. Mti wa pili ulipata jina la canephora, lililochapishwa na Froehner mwaka 1897 kwa kumfuata Pierre wa Ufaransa, na maana yake katika Kiyunani ni mbeba kikapu.

Robusta ni jina la biashara tangu kuzaliwa kwake. Kutu ya majani ilipokwisha kuiteketeza arabica ya Ceylon, ambako ilionekana mwaka 1869, na kuharibu vibaya mashamba ya Java, ilihitajika miche migumu. Na mnamo 1900 kampuni ya Linden ya Brussels, iliyopata mbegu kutoka Kongo, ikaitangaza kwa jina la robusta, yaani yenye nguvu, ili wanunuzi wavutike. Jina la tangazo likashinda majina ya wataalamu, likazunguka Java, Uhindi na Afrika Magharibi, hatimaye likarudi mpaka ziwani na kuketi juu ya mti ambao mababu wa Nshamba waliujua kabla Brussels haijasikia habari zake.

Kulikuwa na nafasi moja ambayo mambo yangekwenda vingine. Mwanzoni mwa karne ya 20 Albrecht Zimmermann, mtaalamu wa Kijerumani katika chuo cha utafiti cha Amani huko Usambara, aliuchunguza mti wa hapa na kuupa jina la Coffea bukobensis. Kwa muda Bukoba ilikuwa na mti wake katika daftari la dunia. Baadaye wataalamu waliamua kwamba mti huo haupambanuki na canephora kiasi cha kustahili kuwa jamii peke yake, na bukobensis likawekwa katika orodha ya majina yaliyostaafu. Uamuzi ulikuwa sahihi kwa kanuni za elimu yao, wala hatuna ugomvi nao. Ila ni haki watu wa Kagera wajue kwamba jina hilo lilipata kuwapo.

Katika miaka hiyohiyo mwani ulibadilika kutoka mti wa taazima na kuwa mti wa fedha. Emin Pasha alikuwa ameianzisha boma ya Bukoba mwaka 1890. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, gharama ya kufikisha gunia pwani ikashuka, na utawala wa Kijerumani, kisha wa Kiingereza, ukahimiza kila kibanja kipandwe kahawa. Mapadre waliongeza miche ya arabica. Idhini ya Bakama ikakoma kuwa na maana, na kanuni za serikali zikachukua nafasi yake kwa ukali ambao mwaka 1937 uliwafanya wakulima wa Buhaya wasimame kuzipinga, ghasia zikatokea, Kamachumu ikiwamo.

Wakulima walijikusanya wenyewe pia. Chama kikuu cha ushirika cha wenyeji wa Bukoba kiliundwa mwaka 1950, nacho ndicho shina la chama kikuu cha ushirika cha Kagera, KCU, cha sasa. Lakini katika nyaraka zote hizo, za mkoloni na za ushirika, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, neno mwani halikupata kiti. Lilibaki jikoni, kwenye posa, kwenye misiba, na katika vinywa vya wachumaji.

Hata hivyo lugha ya biashara ya Kagera haikukosa maneno yake. Maganda ni kahawa iliyokaushwa na tunda lake; safi ni ile iliyokobolewa; na butura ni ule mkataba wa dhiki ambao mkulima, kwa ada ya shule au kwa ugonjwa, huuza maua yangali mtini kwa bei ya kuhuzunisha. Serikali imeupiga vita butura kwa miaka mingi, na neno lake la Kihaya limeingia katika hotuba za wakuu wa mikoa bila ya mtu kudai litafsiriwe. Hilo linatufundisha kwamba neno la kienyeji halikataliwi kwa kuwa ni la kienyeji. Hukataliwa pale ambapo hakuna mwenye cheo anayelihitaji. Nchini Kenya, tukiongeza hili kwa kupita tu, mbuni lenyewe limeacha kuwa jina la mti katika vinywa vya wafanyabiashara, likawa jina la kahawa iliyokaushwa na ganda lake, ile ambayo Nshamba wanaiita maganda.

Ubishi wa leo

Wenye kusimamia biashara wana hoja zao, nazo si za kudharauliwa. Bodi ya Kahawa Tanzania huendesha mauzo kwa madaraja na majina yanayofahamika kwa mnunuzi wa London, Trieste au Tokyo, na mnunuzi huyo anajua Robusta na Arabika. Stakabadhi, tozo, mikataba ya vyama vya msingi na mnada vinahitaji jina moja lisilo na utata. Zaidi ya hayo, taifa hili hili linauza mwani wa baharini kutoka Unguja na Pemba, ambako kilimo chake kimeshamiri tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Na itakuwaje, wanauliza, gunia lililoandikwa mwani likifika bandarini, mzigo mmoja ni wa majani ya chumvi na mwingine ni wa punje za mlimani?

Wenye kuitetea lugha hujibu kwamba Kiswahili kimebeba mizigo mizito kuliko huo. Mbuni ni mti wa kahawa, mbuni ni ndege mkubwa asiyeruka, na mbuni ni mtu abuniye jambo, wala hakuna aliyewahi kumpanda ndege shambani kwa kuchanganyikiwa. Sentensi huupambanua mwani wa ziwani na mwani wa bahari. Nao huongeza kwamba kijana wa Muleba azungumzaye Kiswahili tangu chekechea, akikosa kulisikia neno mwani shuleni wala ghalani, hatalikosa neno peke yake, maana yamo ndani yake mapishi ya akamwani, adabu ya kumpokea mgeni, na habari nzima ya mukago.

Upo upande wa tatu, wa fedha. Katika soko la dunia jina Robusta lina sifa ya kahawa ya kuchanganyia na ya kutengenezea unga wa kuyeyushwa, kama ule ambao kiwanda cha TANICA cha Bukoba kimeutengeneza kwa miongo mingi. Na sifa hiyo huvuta bei chini hata pale ambapo punje imechumwa ikiwa imeiva na kukaushwa kwa uangalifu. Uhabeshi walikwisha kuliona jambo hili. Kuanzia mwaka 2005 serikali yao ilidai majina ya Sidamo, Harar na Yirgacheffe yasajiliwe kuwa alama za biashara zao, ikabishana na Starbucks, na mwaka 2007 pande mbili zikafikia makubaliano. Walifahamu kwamba jina la mahali na la watu wake ni mali, na kwamba mali isiyoandikishwa huchukuliwa na mpita njia.

Mwandishi huyu hasemi kwamba jina pekee litamtajirisha mkulima wa Nshamba. Akianika juu ya udongo mtupu, akichuma mabichi kwa sababu butura imemwahi, hakuna jina litakalomwokoa mbele ya mwonjaji. Lakini mkulima aliyefanya yote sawasawa na akauza kwa jina lililotungwa Brussels kwa ajili ya mashamba ya Java, huyo amenyimwa kitu ambacho ni chake. KCU, ambayo imekuwa ikiuza katika soko la biashara ya haki huko Ulaya, ina wanunuzi wanaopenda kujua punje imetoka wapi na imepandwa na nani. Hao wakielezwa kwamba mbele yao wana mti uliotafunwa kwa ajili ya udugu kabla ya kuwa kinywaji cha dukani, hawatahitaji kulazimishwa kulijifunza neno moja.

> Jina la mahali na la watu wake ni mali, na mali isiyoandikishwa huchukuliwa na mpita njia.

Maruku wamekwisha kuanza

Ajabu ni kwamba waliokwenda mbele zaidi katika kuyarudisha majina ya hapa ni watafiti wa mimea. Mnyauko fuzari, ugonjwa ambao tangu miaka ya 1990 umeikausha mibuni ya Kagera ikiwa imesimama, uliwalazimisha wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, katika kituo cha Maruku, karibu na Bukoba, kuchagua miche inayoustahimili. Na miche hiyo ilipokuwa tayari kugawiwa wakulima waliiita Maruku 1, Maruku 2, Bukoba 1 na Muleba 1. Kwa hiyo kijiji, mji na wilaya vimeingia katika majina ya mbegu, na mkulima wa Ihangiro anaweza leo kupanda Muleba katika kibanja chake.

Hiyo ni hatua njema, lakini imekuja pamoja na hatari ambayo watafiti wenyewe wanaifahamu. Miti mizee iking'olewa, hung'olewa pamoja na hitilafu zake nyingi za umbo na ladha, zile ambazo vizazi vya Wahaya vilizichagua kwa ajili ya kutafuna na si kwa ajili ya uzito wa gunia. Mti wa kutafuna haukuwa lazima uwe mti wa kuuza. Vituo vya utafiti vingefanya jambo la maana vikiandikisha, kila vinapochukua kipande cha mti wa kale, jina ambalo mwenye kibanja anauita na kazi aliyoutumia, kwa kuwa habari hiyo haitapatikana tena maabara.

Mlango wa kamusi

Lugha ya Kihaya imekwisha kuandikiwa kamusi. Ile ya Henry Muzale, iliyotolewa mwaka 2006 na Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, inamfaa kila mwalimu wa Muleba. Kilichobaki ni Kiswahili chenyewe, ambacho kamusi zake humweleza msomaji kwamba mwani ni mmea wa baharini, basi.

Kiswahili hakikuwahi kuwa bahili kwa jamaa zake wa bara. Kilichukua ikulu kwa Wasukuma na Wanyamwezi, na mwaka 1985 kikachukua ng'atuka kwa Wazanaki, neno ambalo leo hakuna mwanasiasa asiyelijua. Mkoa huu wenyewe ulikuwa ukiitwa Ziwa Magharibi mpaka 1979, ulipopewa jina la mto wake, na kila mtu akazoea kwa muda mfupi. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lililoundwa mwaka 1967, lina wajibu wa kusikiliza maneno ya namna hii, na wananchi wana haki ya kuyapeleka.

Halihitajiki lifutwe neno kahawa, ambalo ni zuri na lina historia ya heshima, wala buni, wala mbuni. Wala bodi haitakiwi kubadili madaraja yake kesho. Linalotakiwa ni maana ya pili chini ya neno lililokwisha kuwamo, nayo ingeweza kuandikwa hivi: mwani, 2, mti wa kahawa wa asili ya nchi za Ziwa Victoria; pia punje zake zilizochemshwa na kukaushwa kwa ajili ya kutafunwa, hutolewa kwa mgeni na zilitumika katika kufunga udugu wa damu; Kagera.